Moto wa Dampo Huanzia Jikoni

Majivu yanayoonekana kuzima aghalabu huficha makaa hai kwa saa nyingi. Yakipakiwa kwenye gari la taka, hufika damponi yakiwa bado na moto, yakakutana na karatasi, plastiki na gesi ya methani itokayo katika mabaki ya chakula yanayooza bila hewa. Betri za simu nazo huweza kuwaka zikipondwa na mtambo.

Moto ukishazama ndani ya lundo, maji pekee hayatoshi: hulowesha juu, huku chini ukiendelea kufukuta, pengine kwa majuma. Hapo hulazimu kuunyima hewa kwa kuufukia udongo na kuushindilia, au kulichimbua lundo kwa katapila, kidogo kidogo, na kuzimwagia maji taka zinazowaka. Ndiyo maana taka hufunikwa udongo mara kwa mara hata pasipo moto, kazi ambayo wengi huiona ya bure.

Wakazi wanaombwa kuyamwagia majivu maji na kuyaacha hadi kesho yake, na kutochanganya betri na taka nyingine. Anayeona moshi damponi asipande juu ya lundo, kwani lililoungua chini huweza kutitia ghafla; apige simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.