Mwiko wa Nuru katika Dini ya Kubuni: Mfano wa The Tombs of Atuan

Mwiko wa kubuni hupata uzito kutokana na kile unachofichua unapovunjwa. Katika The Tombs of Atuan (1971), riwaya ya Mmarekani Ursula K. Le Guin, ni haramu kuingiza nuru katika pango lililo chini ya makaburi, kwa kuwa giza ni milki ya Wasio na Majina. Tenar, kuhani kijana, ameutii mwiko huo tangu utotoni. Mgeni anapowasha nuru humo, Tenar anaona kwa mara ya kwanza uzuri wa kuta alizozijua kwa kupapasa tu. Baadaye Kossil, kuhani mwenye mamlaka, naye anaingia na taa, kwani haiamini miungu hiyo. Hivyo, mwiko mmoja unamtenga anayeamini na anayetawala kwa jina la imani.