Mtoto Asiyetembea Naye Ahitaji Mlango

Katika kambi za polisi nchini Uganda, kibanda kidogo cha bati kimepewa na askari wenyewe jina la "mama ingia pole". Jina hilo ni la mzaha, lakini ndani yake mna ukweli: mlango ni mdogo, na aingiaye hana budi kuinama asije akajigonga. Mtu mzima mwenye afya huinama akapita. Je, mtoto aketiye katika kiti cha magurudumu atapitaje?

Tumfikirie koplo mmoja aliyepata uhamisho kutoka Gulu kwenda Kampala. Ana watoto wanne, na wa tatu, mwenye umri wa miaka tisa, hawezi kutembea kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Barua ya uhamisho yataja siku ya kuripoti; mtoto haimtaji. Afikapo, apewa ufunguo wa chumba kilichoko orofa ya tatu, naye, kwa kuwa ni askari, apiga saluti na kuupokea. Tangu siku hiyo mkewe humbeba mtoto mgongoni akishuka na kupanda ngazi. Mtoto huongezeka uzito kila mwaka, lakini mgongo wa mama hauongezeki nguvu. Siku moja mama hushindwa, na mtoto hubaki chumbani akiwasikia wenzake wakicheza mpira chini. Lililomfunga humo si ugonjwa, bali ni ngazi. Majirani huona wakanyamaza, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Askari hufundishwa kuchunguza uwanja kabla ya kupiga kambi. Vivyo hivyo, mzazi wa mtoto huyu yampasa kupima kabla ya kupokea ufunguo.

Kwanza, apime mlango. Kiti cha magurudumu huwa na upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono ya mwenye kukiendesha yahitaji nafasi pia. Kwa hiyo mlango usipungue sentimita 80, na 90 ni bora. Pili, apime kimo cha baraza. Kila sentimita 1 ya kimo yataka sentimita 12 za mteremko. Basi baraza ya sentimita 15 yahitaji mteremko wa urefu wa mita 1 na sentimita 80. Fundi wa kawaida, akiwa na mawe, mchanga na saruji, aweza kuujenga. Tatu, ndani pawe na nafasi ya mita 1 na nusu kila upande, ili kiti kipate kugeuka. Nne ni choo, ambacho wengi hukisahau. Mtoto asiyeweza kuchutama atengenezewe kiti chenye tundu, na bomba imara la kushikilia litiwe ukutani.

Akiisha kupima, na aseme. Wako wazazi waonao haya, wakamficha mtoto kana kwamba ni kosa la jinai. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 35, yawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wao, na yaagiza Serikali na jamii kuchukua hatua ili wafikie upeo wa uwezo wao. Tena, mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hao. Kwa hiyo koplo aombaye chumba cha chini haombi upendeleo, wala havunji nidhamu. Amwendee mkuu wake kwa heshima, akiwa na vipimo na barua ya daktari mkononi.

Nanyi maafande mnaogawa nyumba, kabla ya kutoa ufunguo ulizeni swali moja tu: "Katika jamaa yako, yuko asiyeweza kupanda ngazi?" Mara nyingi, katika chumba cha chini hukaa askari kapera mwenye miguu yenye nguvu. Wawili hao wakibadilishana vyumba, Serikali haitatoa hata shilingi moja, na jioni ileile mtoto atakuwa uwanjani pamoja na wenzake.