Biolojia si ya kumeza: panga yangu na migomba ya mama

Kila mwaka matokeo ya egzeta yakitoka, kuko mdogo ataniuliza: «Mkubwa, nimemaliza bio-shimi, udaktari umeshindikana juu ya makuta. Nikisoma biolojia ama agronomia, itanifikisha wapi?» Najibu hapa kwa wote.

Mwaka wa kwanza utakushangaza. Unafikiri utasoma wanyama na majani, kumbe unakuta kemia, fizikia, hesabu na takwimu. Wengi wanakimbilia hapo. Takwimu usiidharau hata kidogo. Mtu asiyeijua analipa mwingine amchambulie namba za kazi yake ya mwisho, kiisha siku ya kutetea anaulizwa maana ya namba moja tu, anabaki anaangalia viatu vyake. Tena, sisi wa mfumo wa zamani tulikuwa na miaka 3 ya grada na 2 ya lisansi. Ninyi wa LMD, lisansi ni miaka 3. Hamna muda wa kuzubaa.

Lakini shida kubwa ni kumeza silabusi. Labo yetu ilikuwa na mikroskopu chache, tunapiga mstari, kila mmoja anachungulia kidogo anasukumwa. Wengi tulichora seli ambazo hatukuziona, tukiiga kitabu. Na tulipata pointi!

Mwaka wa pili nilipata 15 kwa 20 ku mikrobiolojia. Ungeniamsha usiku ningekueleza mnyauko wa migomba: bakteria Xanthomonas inaingia ku mishipa ya maji, inaiziba, majani yanageuka njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Ningekuambia pia kwamba ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, na kwetu ulionekana Masisi mwaka 2001.

Likizo ikafika, nikapanda kwetu, upande wa Kalehe. Mama akaniambia: «Enjenieri, hii migomba mitatu ni migonjwa, tukate.» Nikakata vizuri sana. Kiisha, na panga ile ile, bila hata kuipangusa, nikaenda kupunguza majani ya mstari mzima wa migomba mizima. Maji ya mgomba mgonjwa yamejaa bakteria, na panga ndiyo gari yake. Nilikuwa nimeliandika hilo ku egzameni! Baada ya muda mstari ule wote ukanyauka. Migomba ile ndiyo ilikuwa inatoa kasiksi, na kasiksi ndiyo ilikuwa inalipa minervali. Mdogo wangu wa kike alikaa nyumbani mwaka ule, mimi nikaendelea kusoma. Mama alisema ni ugonjwa tu umepita. Sikumwambia ukweli mpaka nilipofika L1.

Basi nieleze vile inafanywa, juu wengi wenu mna mashamba kwenu. Ukitilia shaka, kata bua, ngoja dakika chache: ukiona utelezi wa njano unatoka, ndiyo yenyewe. Bua gonjwa likatwe chini kabisa, karibu na udongo. Si lazima kung'oa shina lote na watoto wake, juu mara nyingi bakteria haifiki ku machipukizi yote. Lakini rudi kuangalia mara kwa mara, ukate kila linaloonyesha dalili. Panga ipitishwe ku moto ama ku javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Na ile ua nyekundu inayoning'inia chini ya mkungu, ivunje kwa mti wenye panda mara tu ndizi za mwisho zikishatokea, kwa sababu wadudu wanaoitembelea wanabeba bakteria. Usiikate na panga.

Hiyo yote ilikuwa ndani ya silabusi yangu. Ndiyo maana nawaambia: kila ukurasa, jiulize mkono wako utafanya nini nao kesho. Na labo ikijaa, mwombe asistanti urudi saa wenzako wamekwenda kula. Kipande cha ngozi ya kitunguu na tone la iodi ya famasi vinatosha kuiona seli kwa macho yako.

Kuhusu kazi, sitawadanganya: nafasi za Leta ni kidogo. Kuko ualimu, kuko mashirika, kuko utafiti kwa wenye bahati, na kuko shamba. Mimi niko nafundisha, na wikendi niko ku shamba. Mdogo wangu amerudi masomoni, na chupa ya javeli iko mlangoni kwa mama, karibu na panga.