Furaha ya mbinguni na wapendwa wasiokuwepo

Mama aliyeokoka atafurahije mbinguni ikiwa mwanawe hayupo? Wachungaji na makatekista wanalijua swali hili. Huulizwa zaidi baada ya maziko, hasa marehemu akiwa ni mtu ambaye maisha yake yalikuwa na maneno mengi, na anayeuliza hatafuti ubishi wa vyuoni. Ana mtu wake, na anataka kujua kama ile furaha anayohubiriwa itamgharimu mtu huyo.

Swali lenyewe ni la kale. Simulizi la maisha ya mmisionari Mtakatifu Wulfram linasema kwamba Radbod, mfalme wa Wafrisia katika eneo la Uholanzi ya leo, aliyefariki mwaka 719, alikuwa karibu kabisa kubatizwa alipouliza wahenga wake wako wapi. Alipoambiwa wako jehanamu, akarudi nyuma: heri akae na watu wake. Wanahistoria wana shaka kama mambo yalikwenda hivyo hasa, lakini jibu la mfalme huyo linaeleweka na kila aliyelelewa katika ukoo. Karne nane baadaye Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akitoka Japani, aliandika katika barua ya mwaka 1552 kwamba waongofu wake walilia aliposema kuwa wazazi na wahenga wao hawawezi tena kusaidiwa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba aliona huzuni kuwatazama.

Huku kwetu John Mbiti, mwanateolojia mzaliwa wa Ukambani, alieleza kwamba kwa jamii nyingi za Afrika marehemu anayekumbukwa kwa jina bado ni mmoja wa familia. Ukimhubiria mtu mwenye imani hiyo habari za mbingu ambayo kila mmoja anaingia peke yake na mlango unafungwa, umemhubiria msiba wa pili.

Jibu linalosikika zaidi mimbarani ni kwamba tutasahau. Huambatanishwa na Isaya 65:17, panaposemwa kwamba mambo ya kwanza hayatakumbukwa. Jibu hilo naliona dhaifu kuliko yote, ingawa hutolewa kwa nia njema. Mstari unaotangulia, wa 16, umeshataja kinachosahauliwa: ni taabu za zamani. Hautaji watu. Tena mama aliyefutiwa kumbukumbu ya mtoto wake hajafarijiwa, amepunguzwa. Anayeingia katika raha ni mtu mwingine mwenye jina lake. Na katika Luka 16 yule tajiri aliyemo katika mateso anawakumbuka ndugu zake watano na kuwaombea waonywe. Je, aliye kifuani pa Ibrahimu awe na upendo mdogo kuliko yeye?

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliihangaikia hoja hii kwa sababu ilimgusa mwenyewe. Mama yake, Monika, alifariki Ostia mwaka 387. Zaidi ya miaka 30 baadaye, askofu Paulinus wa Nola alimwuliza kama marehemu anapata faida yoyote akizikwa karibu na kaburi la mtakatifu. Katikati ya jibu lake Augustino anamkumbuka mama yake, aliyemfuata nchi kavu na baharini ili awe karibu naye. Kama wafu wangeshiriki shughuli za walio hai, anasema, mama huyo asingekosa kumjia kila usiku. Angeweza kusema kwamba Monika amefika mahali pazuri na hana habari naye tena. Alikataa. Hakukubali kwamba maisha ya heri yamemfanya mama yake awe mkatili asiyemjali mwanawe mwenye huzuni. Akaona afadhali aseme kwamba wafu kwa kawaida hawajui yanayotupata, ila kwa kile wanachojulishwa.

Lakini jibu hilo halimfikishi mbali. Katika Mji wa Mungu, kitabu alichokikamilisha mnamo mwaka 426, anafundisha kwamba baada ya ufufuo watakatifu watajua kila kitu, hata hali ya waliopotea. Wataujua uovu jinsi tabibu anavyoujua ugonjwa asiougua. Wakisahau walikotolewa, anauliza, wataimbaje rehema za Mungu? Kwa hiyo Augustino anatuachia Monika asiyeweza kuwa mkatili, na watakatifu wanaojua yote bila kuumia. Sioni kwamba aliyaunganisha mawili hayo, na namheshimu kwa kutolificha lile la kwanza.

Nyongeza ya Summa Theologiae, iliyokusanywa kutoka maandishi ya awali ya Thoma wa Akwino baada ya kifo chake mwaka 1274, inayaunganisha kwa nguvu: huruma ya kweli hutaka kuondoa shida, na shida isiyoweza kuondolewa haidai huruma; waliookoka watafurahia haki ya Mungu, si maumivu yenyewe. Mantiki imekaza. Mwandishi C. S. Lewis naye, katika The Great Divorce ya mwaka 1945, alionya kwamba ikiwa anayekataa furaha anaweza kuizuia furaha ya wengine wote, basi uovu ndio utakaotawala mbinguni. Onyo hilo ni zito, na yeyote mwenye jibu la huruma analazimika kulipitia.

Hata hivyo, nadhani tunaanzia pabaya tunapoanzia kwa mama. Furaha ya mbinguni ni kushiriki furaha ya Mungu, na Mungu huyo anasema kwa kinywa cha Ezekieli kwamba hafurahii kifo cha mwovu. Yesu aliulilia mji wa Yerusalemu. Musa aliomba afutwe katika kitabu cha Mungu kama watu wake hawasamehewi, na Paulo, katika Warumi 9, alitamani atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Watu hao wawili hawakukaripiwa kwa kupenda kupita kiasi. Anayewapenda wake hivyo hajaipungukia mbingu. Ameanza kufanana nayo.

Ndiyo maana mimi huvutwa zaidi na Origen wa Aleksandria, aliyehubiri katika karne ya tatu. Katika mahubiri yake ya saba juu ya kitabu cha Walawi anakumbuka ahadi ya Yesu ya kutokunywa tena mzao wa mzabibu hadi katika ufalme wa Baba, na anaisoma hivi: Kristo bado anatungoja. Furaha yake haijatimia maadamu kiungo kimoja cha mwili wake kinakosekana, na mitume na mababu wa imani wanangoja pamoja naye. Baadhi ya mafundisho ya Origen yalikataliwa na Kanisa baadaye, na tumaini lake kwamba mwishowe wote watarejeshwa lilikuwa chanzo kimojawapo cha ugomvi. Lakini picha ya Kristo anayengoja haitudai tutabiri nani atafika. Inatuambia tu kwamba asiyekuwepo ana nafasi yake, na kwamba nafasi hiyo inaonekana.

Kwa hiyo mhubiri anayesimama kaburini na kumtaja marehemu kuwa amepotea amejitwalia mamlaka asiyopewa. Kanisa Katoliki limewatangaza watakatifu wengi, lakini halijawahi kutangaza kwamba mtu fulani, kwa jina lake, yuko jehanamu. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuufikia wokovu. Wahenga wa Radbod wangeweza kuhesabiwa humo. Waprotestanti wengi hawawaombei marehemu, ila humwachia Mungu hukumu, jambo ambalo nalo lina unyenyekevu wake. Waorthodoksi, wakiwamo wa Kenya na Uganda, huenda mbali zaidi: katika ibada ya jioni ya Pentekoste hupiga magoti, na mojawapo ya sala ndefu za ibada hiyo, zinazohusishwa na Basili Mkuu, inawaombea waziwazi walioshikiliwa kuzimu.