Istilahi za Kaboni katika Mipango ya Miji: Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi za Kiswahili zinazotumika katika kupanga na kugharimia maendeleo ya miji yasiyozidisha gesijoto. Mifano imetolewa katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita. Hoja kuu ni kwamba istilahi zilizoundwa kwa kutafsiri maneno ya mikataba ya kimataifa hukutana mahali hapo na maneno yenye maana nyingine iliyokwisha kukomaa, na mgongano huo hugusa haki za watu, si ufasaha peke yake. Neno la Kisukuma ngitili linajadiliwa kama mfano wa istilahi iliyopanda kutoka kijijini hadi kwenye sera.

1.0 Utangulizi

Kwa utaratibu wa serikali za mitaa nchini Tanzania, mipango ya maendeleo huanzia katika mkutano wa mtaa au wa kijiji, hupita katika kamati ya maendeleo ya kata, na kufikishwa katika baraza la madiwani. Katika ngazi zote hizo lugha ya majadiliano ni Kiswahili. Katika Shinyanga na Geita, Kiswahili hicho kinasemwa bega kwa bega na Kisukuma. Kwa upande mwingine, dhana za kupunguza gesijoto zimezaliwa katika majadiliano ya kimataifa yanayoendeshwa zaidi kwa Kiingereza, nazo hufika katika halmashauri zikiwa zimekwisha kupewa majina.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu zilipotolewa kanuni za kusimamia biashara ya kaboni za mwaka 2022. Kwa mujibu wa utaratibu huo, kijiji au halmashauri yenye misitu inaweza kuingia mkataba na kupata mapato. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimekwisha kupata mapato ya namna hiyo na kuyatumia katika ujenzi wa huduma za jamii. Mkataba wa kaboni huwa ni wa miaka mingi, na mkutano unaouridhia huuridhia kwa maneno unayoyasikia. Kwa hiyo ni halali kuuliza: maneno hayo yanasema nini masikioni mwa wanaonyosha mikono?

2.0 Hewa ukaa na mkaa

Istilahi iliyoenea zaidi ni hewa ukaa. Kimofolojia, imejengwa juu ya mzizi uleule unaopatikana katika maneno yafuatayo:

(1) kaa / makaa: kipande au vipande vya kuni iliyoungua
(2) mkaa: nishati inayotokana na kuchoma miti katika tanuri la udongo
(3) ukaa: elementi ya kaboni

Uundaji huu una mantiki nzuri. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kiambishi u- kimefanya kazi yake ya kawaida ya kuunda jina la dhana. Kwa mwanafunzi wa kemia istilahi hii inajieleza. Tatizo linajitokeza inapotoka darasani. Kwanza, umbo ukaa linafanana kimatamshi na kitenzi kukaa, chenye maana ya kuketi au kuishi, na hivyo msikilizaji anaweza kulipokea kama hewa inayobakia mahali. Pili, na hili ni zito zaidi, katika mji ambao gunia la mkaa ni sehemu ya bajeti ya kila kaya, hewa ukaa huelekea kueleweka kuwa moshi wa jikoni.

Maana hiyo si potofu kabisa, kwani mkaa ukiungua hutoa dioksidi ya kaboni. Aidha, inaafikiana na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga kuwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo, ni maana finyu. Mpango wa mji unahusu pia usafiri, taka, majengo na umeme. Zaidi ya hayo, sentensi kama “kijiji kitauza hewa ukaa” inakuwa kitendawili. Ikiwa hewa ukaa ni moshi, nani anayenunua moshi, na kwa nini aulipie? Pengo hilo la maana likiachwa wazi hujazwa na dhana kwamba ardhi ndiyo inayouzwa, au kwamba kuna udanganyifu.

3.0 Kaboni katika mji wa dhahabu

Yamkini mtu atasema kwamba dawa yake ni kutohoa: kuacha ukaa na kutumia kaboni, neno ambalo halina ukoo na mkaa wa sokoni. Ndiyo njia ambayo lugha ya kisheria imeelekea, kwani leo husemwa zaidi biashara ya kaboni kuliko biashara ya hewa ukaa. Lakini katika ukanda wa Geita na Kahama neno kaboni halikufika likiwa tupu.

Katika mitambo ya kuchenjua dhahabu, mawe yaliyosagwa hulowekwa katika maji yenye sianidi, na dhahabu ikayeyuka humo. Kisha punje nyeusi za kaboni iliyoandaliwa kwa kazi hiyo hutumika kuinasa dhahabu kutoka katika maji. Punje hizo zikishiba hupelekwa katika mtambo mwingine ili dhahabu ivuliwe. Wachimbaji na wachenjuaji huziita punje hizo kaboni. Kwa hiyo mtu wa Geita anaposikia habari za kaboni husikia mali: kitu kinachoshikika, kinachopimwa kwa mizani, kinachosafirishwa kwa kibali, na kinachoweza kuibwa.

Hapa upo mfano mzuri wa istilahi moja yenye maana mbili katika nyanja mbili zinazokutana katika mtaa mmoja. Katika uchenjuaji, kaboni ina thamani kwa sababu imebeba kitu kingine. Katika biashara inayosimamiwa na kanuni za 2022, kinachouzwa si kaboni yenyewe, bali ni uthibitisho kwamba tani moja ya dioksidi ya kaboni haikuingia angani, au imeondolewa humo na kuhifadhiwa. Mwenye mali wa kwanza huikabidhi kaboni yake na kuondoka na fedha. Mwenye mali wa pili haikabidhi kaboni kwa mtu. Anaahidi kuitunza palepale ilipo, katika miti na udongo, kwa muda wa mkataba. Asiyeitambua tofauti hii anaweza kuridhia ahadi ya miaka mingi akidhani ni mauzo ya siku moja.

Shughuli hizi mbili zinagusana hata nje ya msamiati. Wachimbaji wadogo huimarisha kuta za maduara kwa magogo yanayoitwa matimba, na magogo hayo hutoka katika misitu ileile inayotakiwa kutunza kaboni. Mpango wa mji wa madini usiotaja matimba kwa jina lake umeacha nje sehemu muhimu ya mahitaji ya miti.

4.0 Lugha ya fedha

Katika kugharimia mipango, makosa hutokana zaidi na tafsiri sisisi. Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni kaboni ya chini, linalotumiwa kwa maana ya kiasi kidogo cha kaboni. Katika Kiswahili, kitu cha chini ni kilichopo chini au chenye hadhi duni. Katika nchi ya maduara, kaboni ya chini ni kaboni iliyo ardhini. Maendeleo yenye kaboni kidogo, au maendeleo yasiyozidisha gesijoto, ni semi ndefu kidogo lakini hazipotoshi.

Wa pili ni mikopo ya kaboni. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina maana ya mkopo katika benki, lakini katika biashara hii lina maana ya kipimo kilichothibitishwa kinachohesabiwa upande wa faida ya mwenye nacho. Mfasiri aliyechagua mkopo amemgeuza mdai kuwa mdaiwa. Kwa mkulima aliyewahi kukatwa deni la pembejeo katika malipo ya pamba, tofauti hiyo si ya kinadharia.

Wa tatu ni hatifungani ya kijani. Hatifungani ni neno ambatani zuri, kwa sababu hati hiyo huwafunga mkopaji na mkopeshaji. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji, na deni hilo hulipwa kutokana na mapato ya maji. Huo ndio mfano wa karibu ambao miji kama Shinyanga na Kahama inaweza kujifunza kwao. Ugumu umo katika kivumishi. Kijani kinatokana na jani, na msikilizaji atatafuta majani mahali palipo na mabomba. Katika mkutano wa wananchi ni bora kuanza na maelezo: ni mkopo wa umma, hulipwa kwa ankara za maji, na masharti yake yanahusu utunzaji wa mazingira. Jina la biashara lifuate baadaye.

5.0 Ngitili: istilahi iliyopanda

Ngitili ni eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili majani na vichipukizi vikue, kisha hulifungua wakati wa kiangazi, malisho yanapokwisha kwingine. Huweza kuwa ya kaya au ya jamii. Neno hili linabeba zaidi ya picha ya eneo: linabeba majira, mipaka, mwenyeji, na adhabu kwa mvunjaji. Sheria hizo ziliwekwa na mkutano wa jadi uitwao dagashida na kulindwa na sungusungu.

Historia ya Shinyanga inaonyesha lililotokea mfumo huo ulipopuuzwa. Vichaka vilifyekwa wakati wa ukoloni ili kumwangamiza mbung’o, mashamba ya pamba yakapanuka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 611 tu. Hapo mwanzo mradi ulitegemea zaidi vitalu na upandaji wa miti. Ulishika kasi ulipoitambua ngitili na kuirudishia mamlaka yake. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa katika vijiji 833. Monela na wenzake (2005) walikadiria manufaa ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi.

Kiisimu, jambo la kuzingatia ni kwamba wataalamu hawakulitafsiri neno. Walilipokea pamoja na kanuni zake, nalo likaingia katika Kiswahili cha sera katika ngeli ya N bila kubadilika umbo. Njia hii si mpya: ikulu ilitoka katika Kinyamwezi na Kisukuma, na ngeli yenyewe ikatoka katika Kihaya. Mradi wa majaribio wa MKUHUMI, uliosimamiwa na TaTEDO katika wilaya za Shinyanga na Kahama kwa fedha za Norwei kuanzia mwaka 2010, ulijengwa juu ya msingi huo. Kifupisho MKUHUMI kilihitaji kuelezwa, ngitili haikuhitaji.

Hata hivyo, ni lazima kuweka tahadhari. Kufunga ngitili ni kwa msimu. Kufunga kunakodaiwa na mkataba wa kaboni ni kwa miaka mingi, na huenda kukagusa uhuru wa kukata fito, kuni na matimba. Kitenzi ni kilekile, muda ni tofauti. Mkataba unaosema “ngitili itafungwa” bila kutaja muda na yaliyokatazwa unatumia imani ya neno la zamani kupitisha sharti jipya. Vilevile, ngitili za kaya humnufaisha zaidi mwenye ardhi kubwa, na neno moja likitumiwa kwa ngitili za kaya na za jamii huficha swali la nani atalipwa.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, waundaji wa istilahi wachunguze matumizi ya mahali kabla ya kusanifisha. Kaboni ya Geita na mkaa wa Shinyanga ni ushahidi kwamba neno linalofaa katika kamusi linaweza kukwama mkutanoni.

Pili, badala ya mikopo ya kaboni, ifikiriwe istilahi stakabadhi ya kaboni. Neno stakabadhi linafahamika kwa wakulima, hasa tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipowekewa sheria mwaka 2005. Stakabadhi huthibitisha kwamba mali ipo, imepimwa, na ina mwenyewe. Ulinganisho una kikomo chake, kwa kuwa mazao hutoka ghalani baada ya kuuzwa, ilhali kaboni sharti ibakie mtini na udongoni. Kikomo hicho kielezwe waziwazi, kwani ndicho kiini cha mkataba.

Tatu, kila mkataba au mpango unaofikishwa mbele ya mkutano uambatane na maelezo ya Kiswahili yanayojibu maswali manne: kinauzwa nini, kwa muda gani, nani haruhusiwi kufanya nini, na fedha zitapita mikononi mwa nani. Pale ambapo Kisukuma kina neno lenye majibu hayo tayari, lipewe nafasi.

Uundaji wa istilahi umezoeleka kuhesabiwa kuwa kazi inayofuata baada ya wataalamu wa mipango na fedha kumaliza yao. Mfano wa Shinyanga unaonyesha kinyume chake. Hekta zilizorejea zilirejea chini ya neno ambalo watu walijua linawadai nini na linawapa nini. Maneno mapya ya kaboni bado hayajafikia kiwango hicho, na mikataba inayoandikwa kwayo itawafunga hata watoto wa wanaoiridhia leo.