Umri wa Kuanza kwa Ugonjwa wa Baipola na Matokeo Yake

Ugonjwa wa baipola ni maradhi ya akili yanayomtupa mgonjwa kati ya hali mbili zinazopingana. Katika hali iitwayo mania, mgonjwa huchangamka kupita kiasi: halali wala hachoki, maneno humtoka mfululizo, na fedha huzitumia ovyo. Katika sonona, mtu yuleyule hulemewa na huzuni, na hata mambo aliyoyapenda humchosha. Kati ya vipindi hivyo aweza kukaa salama kwa miezi au miaka.

Mara nyingi ugonjwa huu huanza katika ujana, yaani katika umri wa wanafunzi wa sekondari. Je, kuanza mapema kuna athari gani kwa maisha ya baadaye?

Mwaka 2004, Roy Perlis na wenzake walichapisha nchini Marekani matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 983, wote watu wazima. Kati yao, 272 walisema kwamba dalili ziliwaanza kabla ya kutimiza miaka 13, na 370 kati ya miaka 13 na 18. Hao kwa pamoja ni karibu theluthi mbili. Wakilinganishwa na wale walioanza kuugua ukubwani, walipatwa na vipindi vingi zaidi vya ugonjwa na muda wao wa nafuu ulikuwa mfupi. Wengi zaidi miongoni mwao walisumbuliwa na wasiwasi, walitumia vileo na dawa za kulevya, au walipata kujaribu kujiua.

Hapa yafaa msomaji atahadhari. Umri huo ulitokana na kumbukumbu za wagonjwa wenyewe. Na ni nani akumbukaye barabara huzuni aliyoipata akiwa na miaka 11? Tena, mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Huenda ugonjwa unaoanza mapema una mizizi mizito zaidi ya urithi. Huenda pia humvurugia kijana masomo na urafiki kabla hajakomaa.

Ipo sababu nyingine, nayo naiona ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tulio karibu na shule: kuchelewa kwa matibabu. Mwaka 2007, Gabriele Leverich na wenzake walieleza habari za wagonjwa 480. Wale walioanza kuugua utotoni walikuwa wamengoja kwa wastani zaidi ya miaka 16 kabla ya kutibiwa kwa mara ya kwanza! Umri wa kuanza kuugua hatuwezi kuubadili, lakini miaka ya kungoja yaweza kupunguzwa.

Kungoja huko kuna chanzo chake. Dalili ya kwanza mara nyingi ni sonona, na sonona ya kijana hudhaniwa kuwa uvivu, kama vile mania yake idhaniwavyo kuwa ujeuri. Hata daktari, akiona sonona peke yake, aweza kukosea. Na baadhi ya dawa za sonona, zikitolewa peke yake, huweza kuamsha mania. Kwa hiyo hana budi kuuliza habari za vipindi vya mchangamko, na za jamaa waliopata kuugua vivyo hivyo.

Dawa zipo. Mwaka 1949, John Cade wa Australia alieleza jinsi chumvi za lithiamu zilivyowatuliza wagonjwa wa mania. Hadi leo lithiamu hutumika kuzuia ugonjwa usirudi, ila damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara, maana kiasi kinachotibu hakiko mbali na kile kinachodhuru.

Kuutaja ugonjwa si kazi ya mwalimu. Lakini aweza kuandika ni lini mwanafunzi alibadilika, analala saa ngapi, na hali hiyo imedumu majuma mangapi, kisha akawapa wazazi karatasi hiyo waende nayo hospitali. Mwanafunzi akitaja kutaka kufa, asingojewe hata siku moja.