KITANDA NA GODORO VIFAAVYO NYUMBA YAKO

Watu wengi wakipata feza za kazi ya mgodi, ao feza za kuuza mahindi, huenda Likasi ao Kolwezi kununua kitanda cha chuma. Baba na mama walala juu. Watoto walala chini juu ya mkeka. Je, hiyo ni akili? Feza zimekwisha, na nusu ya watu wa nyumba wangali chini.

Kwa nini kulala chini ni vibaya?

Katika mavumbi ya nyumba ya udongo aweza kukaa funza, mtoto wa inzi. Mchana hujificha, usiku hutoka na kunyonya damu ya mtu alalaye chini. Funza huyu hawezi kupanda miguu ya kitanda. Lala juu, naye akosa chakula.

Adui wa pili ni papasi, ambaye wengine humwita kimputu. Hukaa ndani ya nyufa za ukuta na za sakafu. Akiuma, aweza kuleta homa inayokwisha kisha yarudi tena. Mwaka 1905 daktari Dutton, Mwingereza, alikufa kule Kasongo kwa homa hiyo, naye ndiye aliyekuwa akiichungua. Papasi ajua kupanda. Kwa hiyo kitanda peke yake hakitoshi: kisigusane na ukuta, na nyufa zote uzizibe kwa udongo.

Vitanda ni vya namna tatu

1. Kitanda cha miti na kamba. Hakina bei kubwa, kila mtu aweza kukifanya. Lakini usichimbie miguu yake ndani ya sakafu, maana mchwa wataila, nawe hutaweza kukisogeza ili ufagie. Kiwe na miguu yake yenyewe, urefu wa nusu metre. Kamba zikilegea, uzikaze, la sivyo mgongo utauma.

2. Kitanda cha mbao. Uliza fundi: mti gani? Mulombwa ni mzuri, lakini sehemu yake nyekundu ya ndani. Ile nyeupe ya nje huliwa na wadudu. Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi hupindika.

3. Kitanda cha chuma. Mchwa hawali chuma, na kunguni hawapati matundu mengi ya kujificha. Lakini kabla ya kulipa, lala juu yake pale dukani. Kikibonyea katikati kama machela, kiache.

Mwenye feza kidogo afanye vitanda vya miti vya kutosha watu wote. Hivyo ni bora kuliko kitanda kimoja cha chuma cha kuonyesha wageni.

Godoro

Shona mfuko wa nguo ngumu, ujaze nyasi kavu ao maganda ya mahindi yaliyoanikwa vizuri. Acha mdomo wa kufungua. Yakisagika ao kunuka, uyatupe, ufue mfuko, utie mengine. Pamba na sufi hudumu zaidi, lakini zataka jua mara kwa mara. Godoro la sponji lipime kwa ngumi: ukilikandamiza na kusikia mbao chini, ni jembamba, ukiondoa mkono nalo lisiinuke upesi, halitadumu. Usilikaribishe na taa ya moto. Mtoto mchanga alale juu ya godoro gumu, sawasawa, bila mto.

Angalisho kubwa. Usifanye godoro kwa gunia lililobeba mawe ya mgodi, ao mbolea, ao sumu ya mashamba. Vumbi lake halionekani, lakini laingia kifuani mwa mtoto usiku kucha. Kulifua hakutoshi. Tena usimwage sumu ya mashamba kitandani ili kuua kunguni.

Kulinda kitanda

Toa godoro juani kila juma. Mwaga maji yanayochemka katika viungo vya kitanda, hapo ndipo kunguni hutaga. Tandaza chandarua, upindo wake uingize chini ya godoro pande zote, mbu asipate mlango. Hiyo ni faida nyingine ya kitanda: juu ya mkeka chandarua hakishiki vizuri.

Mtu aliyelala vizuri ana nguvu ya kulima. Basi, kabla ya mvua, hesabu watu wa nyumba yako, kisha hesabu vitanda. Hesabu hizo zilingane.